Dima ipi inafaa taa zangu za LED?

Swali: Habari za kazi, fundi. Dari ya sebule yetu ina balbu sita, zote zinawashwa na dima moja ya kuzungusha (swichi ya kupunguza na kuongeza mwanga) tuliyoikuta ukutani. Zilipokuwa balbu za nyuzi hatukuwahi kupata shida. Sasa tumeweka za LED za wati 7 kila moja, na boksi lake linasema zinakubali dima. Tukipunguza mwanga zinapepesa na kuvuma, na tukikaribia chini kabisa zinazimika zenyewe. Fundi wetu alileta dima kubwa zaidi, ya wati 600, mambo yakaharibika kuliko mwanzo. Akarudisha ile ya kwanza, akatoa LED moja na mahali pake akaweka balbu ya zamani ya wati 60. Kupepesa kukaisha. Anasema LED hizi ni mbovu. Ni kweli? Ninunue dima gani? Chumba kina milango miwili na swichi kila mlango. Tena, naweza kuifunga mwenyewe?

Jibu: Salama, ndugu yangu, na asante kwa kueleza kila hatua mliyopitia, maana jibu limo humohumo. Balbu zako si mbovu. Dima ina kiwango cha juu cha wati inachoweza kubeba, na hicho kila mnunuzi hukitazama. Lakini ina pia kiwango cha chini, ambacho mzigo ukishuka chini yake haifanyi kazi sawasawa, na hicho karibu hakuna anayekiulizia dukani. LED sita za wati 7 ni wati 42. Dima nyingi za enzi za balbu za nyuzi ziliandikwa wati 60 hadi 400. Itoeni yako, umeme ukiwa umezimwa, msome maandishi ya nyuma. Kwa dalili ulizozieleza, natarajia mtakuta namba za namna hiyo. Fundi alipoweka ile balbu ya wati 60 pamoja na LED tano zilizobaki, mzigo ulipanda hadi wati 95. Dima ikapata inachodai, ikatulia. Na alipoleta ya wati 600 alizidisha tatizo, kwa sababu dima kubwa ya mtindo uleule kwa kawaida hudai mzigo wa chini mkubwa zaidi. Kosa si la kumlaumu sana. Wengi wetu tumezoea kwamba kifaa kikionekana kulemewa, dawa ni kikubwa zaidi. Hapa kifaa hakikulemewa, kilipungukiwa.

Ili usinunue kwa kubahatisha, ni vizuri uelewe dima inafanya nini. Wengi hudhani inabana umeme upite kidogo, kama bomba la maji lililofungwa nusu. Sivyo. Dima inakata. Umeme wa nyumbani huenda kwa mawimbi: penye hezi 50 kuna nusu-mawimbi 100 kila sekunde, penye hezi 60 kuna 120. Katika kila nusu-wimbi dima huipa taa umeme kwa muda fulani na kuunyima kwa muda uliobaki. Ukizungusha kuelekea chini, muda wa kunyima unarefuka. Uzi wa balbu ya zamani hauwahi kupoa kabla umeme haujarudi, kwa hiyo mwanga wake unaonekana umetulia hata umeme ukikatwakatwa vipi. LED haina ustahimilivu huo. Umeme ukiyumba kidogo tu, na mwanga unayumba papo hapo.

Kuna njia mbili za kukata, na hapa ndipo uchaguzi wako ulipo.

Njia ya kwanza ni kukata mwanzo wa nusu-wimbi: dima inasubiri, kisha inafungulia umeme wimbi likiwa tayari limepanda. Hii ndiyo iliyotawala majumbani tangu Joel Spira alipobuni dima ya kielektroniki huko New York mwaka 1959. Miaka miwili baadaye alianzisha kampuni ya Lutron. Kabla ya hapo, mwanga ulipunguzwa kwa vipingamizi vikubwa vilivyogeuza umeme usiohitajika kuwa joto tupu. Ulikuwa uvumbuzi mkubwa kweli, ila ulisukwa kwa ajili ya balbu za nyuzi, ambazo moja tu ilikula wati 60 au 100. Kiini cha dima hizi ni kifaa kidogo kiitwacho triaki. Triaki ikianza kupitisha umeme huendelea, mradi mkondo usishuke chini ya kiasi fulani. LED chache huvuta mkondo mdogo mno. Triaki inaachia kabla ya wakati, inajaribu tena kwenye nusu-wimbi linalofuata, mara inashika, mara inaachia. Huko ndiko kupepesa unakokuona.

Lipo na tatizo la pili ambalo watu hawalioni kwa macho, na mimi ndilo linalonisumbua zaidi. Ndani ya kila balbu ya LED mna saketi ndogo ya kielektroniki yenye kapasita, yaani kijifaa kinachojazwa umeme na kuutunza kwa muda mfupi. Dima ya kukata mwanzo inapofungulia umeme katikati ya wimbi, volti zinaruka ghafla kutoka sifuri. Penye umeme wa volti 230 kilele cha wimbi ni kama volti 325, na penye volti 120 ni kama 170. Kapasita inameza mkondo mkali kwa mkupuo mmoja, na mkupuo huo unarudiwa mara 100 au 120 kila sekunde kwa muda wote taa ikiwaka. Mvumo unaousikia mara nyingi unatoka hapo, na maisha ya balbu pamoja na dima yenyewe yanafupishwa hapohapo. Ndiyo sababu dima ya zamani yenye namba 400 haiwezi kubebeshwa LED za jumla ya wati 400. Mafundi wengi huchukua sehemu ya kumi kama makadirio ya usalama, yaani wati 40.

Sasa linganisha na hali yako. Wati 42 ni chache mno kwa triaki kushika vizuri, na wakati huohuo ziko ukingoni au zimeshapita kwa upande wa mikupuo. Ukiongeza LED unapona huku unaumia kule. Dima hiyo haitaelewana na taa hizo hata ufanyeje, na kwa sababu hiyo siungi mkono dawa ya balbu moja ya zamani. Imesaidia sana kutuonyesha ugonjwa, lakini mikupuo kwenye zile LED tano inaendelea kama kawaida. Isitoshe, mwanga ukiwa juu kabisa, balbu hiyo peke yake inakula wati 60 wakati zile tano kwa pamoja zinakula 35.

Njia ya pili ni kukata mwisho wa nusu-wimbi. Dima inaanza kupitisha umeme volti zikiwa sifuri, inaziacha zipande taratibu pamoja na wimbi, kisha inakata mbele ya safari. Kazi hiyo hufanywa na transista, ambazo hufunga na kufungua kwa amri ya saketi yao bila kutegemea mkondo wa taa. Kwa hiyo mzigo mdogo hauzibabaishi, kapasita za balbu zinajaa polepole, na chumba kinakuwa kimya. Kwa LED zinazotumia umeme wa nyumba bila transfoma, kama zako, nunua dima ya aina hii. Sisemi hivyo kwa kusitasita. Zipo LED zinazovumilia dima ya kukata mwanzo, na katika nchi zenye volti 120 zipo dima nyingi za triaki zilizoboreshwa maalumu kwa LED na zinafanya kazi nzuri, lakini anayeanza upya na ana uhuru wa kuchagua sioni kwa nini ajitafutie kesi.

Dukani, geuza pakiti usome. Dima ya kukata mwisho huandikwa kwa Kiingereza trailing edge, na ile ya kukata mwanzo leading edge. Usipoyaona maneno hayo, tafuta herufi. R ni mzigo wa kawaida kama balbu za nyuzi, L ni mzigo wa transfoma za koili, C ni mzigo wa vifaa vya kielektroniki. Dima yenye R na L ni ya kukata mwanzo. Yenye R na C ni ya kukata mwisho. Yenye zote tatu ni ya mseto, na nyingi za aina hiyo hutambua zenyewe au huchaguliwa namna ya kukata wakati wa kufunga. Hii ya mseto ni ghali kidogo kuliko nyingine, lakini kwa mtu anayebadilisha taa mara kwa mara inamwondolea shida ya kununua mara mbili.

Kisha tafuta namba za LED, kwa sababu dima nzuri huwa na mistari miwili: wati za balbu za nyuzi, na wati za LED zikiwa chache zaidi. Ukiona namba moja tu, na LED haikutajwa popote, irudishe kwenye rafu. Kwa wati zako 42, dima iliyoandikwa LED wati 5 hadi 100 inakutosha, na ya 3 hadi 150 vilevile. Kipimo changu mwenyewe ni kwamba mzigo uwe angalau mara mbili ya kiwango cha chini na usizidi robo tatu ya kiwango cha juu. Ukibaki humo katikati, unakuwa na nafasi balbu moja ikiungua usiku, na una nafasi pia siku ukiamua kuongeza taa mbili. Baadhi ya dima hutaja na idadi ya juu ya balbu, kwa mfano kumi. Hiyo nayo iheshimu hata kama wati hazijafika, maana kila balbu inakuja na kapasita yake.

Hesabu hizo zikikaa sawa, bado lipo jambo moja ambalo hesabu haisemi: saketi za ndani ya balbu zinatofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji. Watengenezaji wakubwa wa dima hutoa orodha ya balbu walizozijaribu, nao wa balbu hutoa orodha ya dima. Itafute ya balbu zako kabla hujalipa. Ikikosekana, nunua dima moja, ijaribu kwa siku kadhaa, na ndipo ununue za vyumba vingine. Pia hakikisha balbu zote sita ni za mtengenezaji mmoja na za toleo moja. Ukichanganya, moja itazimika mapema wakati nyingine bado zinawaka, na utafikiri dima imeharibika.

Umesema boksi linathibitisha kwamba balbu zinakubali dima, kwa hiyo hapo uko salama. Kwa wasomaji wengine: neno la kutafuta ni dimmable. Balbu isiyo na neno hilo usiiweke kwenye dima hata kama unakusudia kuiacha juu kabisa siku zote, kwa sababu hata pale juu dima nyingi bado zinakata kipande kidogo cha wimbi. Na zile balbu za mirija iliyokunjwa, za kizazi kilichotangulia LED, nyingi hazikubali dima kabisa.

Nikutayarishe pia kuhusu utakachokiona. Pakiti ya balbu ikisema inashuka hadi asilimia 10, hiyo ni asilimia 10 ya mwanga kwa kipimo cha chombo. Jicho hupanuka gizani, na linachokiona ni kama theluthi moja ya mwanga wa awali. Ikishuka hadi asilimia 1, jicho linaona kama asilimia 10. Kwa hiyo kama unataka sebule yenye mwanga hafifu kabisa wa kutazamia filamu, balbu ya asilimia 10 haitakufikisha huko, na dima haina kosa. Rangi nayo: balbu ya nyuzi ikipungua ilikuwa inageuka kuwa ya dhahabu, lakini LED ya kawaida ya kelvini 2700 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga; ikishuka, mwanga unakuwa wa dhahabu zaidi) hubaki na rangi ileile hadi chini. Wengine huona mwanga huo ukipungua ni wa kijivu na baridi. Zipo LED zilizotengenezwa zishuke na rangi, kutoka kelvini 2700 hadi karibu 1800, na kama umezoea uchangamfu wa zile za zamani, kwa sebule nakushauri uzifikirie. Kwa umeme, LED ina faida: ukipunguza mwanga, matumizi hupungua karibu kwa uwiano uleule. Balbu ya nyuzi ilipotoa nusu ya mwanga wake bado ilikuwa inakula zaidi ya theluthi mbili za umeme.

Dima nyingi za LED zina skrubu ndogo au kitufe cha kuweka kikomo cha chini, na kwa mshangao wangu wapo mafundi wanaofunga kifuniko bila kuigusa. Shusha mwanga hadi balbu zianze kuyumba, kisha pandisha kidogo hadi zitulie zote, weka kikomo hapo. Baada ya hapo zima, subiri kidogo, washa tena dima ikiwa pale chini. Kama kuna balbu inayokataa kuwaka, pandisha kikomo tena kidogo, kwa sababu baadhi ya balbu huhitaji umeme zaidi kuanza kuliko kuendelea.

Kuhusu milango miwili. Weka dima mlango mmoja tu, na mlango wa pili uache swichi ya kawaida ya njia mbili. Dima unayonunua lazima iwe inakubali kazi ya njia mbili. Kwa ya kuzungusha, ile ambayo ukiibonyeza inawasha na kuzima ndiyo huwa hivyo. Utaweza kuwasha na kuzima ukiwa mlango wowote, na kupunguza mwanga ukiwa kwenye ule wenye dima. Chagua mlango ulio karibu na mnapokaa, si ule mnaoingilia. Dima hutumiwa na mtu aliyekwisha kukaa. Usiweke dima mbili za kawaida kwenye taa zilezile. Kila moja itakata wimbi ambalo mwenzake ameshalikata, na mwisho wake ni taa kuchezacheza na dima kuungua. Ukitaka kweli kupunguza mwanga kutoka pande zote mbili, zipo dima za kielektroniki zinazofungwa upande mmoja, na upande wa pili ukawekwa kitufe chake maalumu cha familia hiyohiyo.

Dima hizo za kielektroniki, pamoja na zile zinazoongozwa kwa simu, zina swali lake: je, ndani ya boksi la swichi kuna waya wa nyutro, ule wa kurudisha umeme? Swichi za kawaida mara nyingi hupitishiwa laivu tu, yaani waya unaoleta umeme. Dima isiyo na nyutro inajiendesha kwa kuvuta umeme kidogo kupitia taa zenyewe, hata zikiwa zimezimwa, na kwa LED umeme huo mdogo unaweza kuziacha ziking'aa hafifu usiku kucha. Dawa yake ni kifaa kidogo cha kusawazisha mzigo, ambacho hufungwa sambamba na taa kule darini. Watengenezaji wengi wa dima wanacho chao. Nyutro ikiwepo, nunua dima inayoitumia, na tatizo hilo hutalijua.

Taa za aina nyingine nizipitie upesi. Halojeni za volti 12 zenye transfoma ya koili, ile nzito ya chuma, zinataka dima ya kukata mwanzo; zenye transfoma ya kielektroniki zinataka ya kukata mwisho. Mikanda ya LED ya volti 12 au 24 haipunguzwi kwa dima ya ukutani, isipokuwa kama kigeuza umeme chake kimeandikwa kwamba kinakubali. Vinginevyo ina dima yake inayokaa baada ya kigeuzi. Na tafadhali, feni ya dari isiunganishwe na dima ya taa. Mota inahitaji kidhibiti chake, na kwenye dima ya taa itanguruma, itapata joto na inaweza kuungua. Soketi nayo isiwekewe dima, maana huwezi kujua mtu atachomeka nini kesho.

Kama unaweza kuifunga mwenyewe inategemea kwanza sheria ya mahali unapoishi, kwa kuwa kwingi kazi hii ni ya fundi mwenye leseni. Hata panaporuhusiwa, kwa chumba cha njia mbili ningependa umwachie fundi. Nyaya kwenye boksi hizo hazina mpangilio mmoja, rangi zinadanganya, na waya mmoja ukikosewa dima inaungua mara tu umeme unapowashwa. Yeyote atakayeifanya azime saketi breka ya taa hizo na ahakikishe kwa kipimo kwamba nyaya hazina umeme. Kuzima dima peke yake hakutoshi, maana nyingi za kielektroniki hupitisha umeme kidogo hata zikiwa zimezimwa. Hilo likumbuke pia unapobadilisha balbu.

Kabla fundi hajaja, pimeni kina cha boksi la ukutani, kwa sababu dima ni nene kuliko swichi na haipendi kusukumiwa nyaya mgongoni. Ikiwa na bamba la chuma, waya wa erthi uunganishwe. Ikikaa kwenye bamba moja na dima nyingine, uwezo wake unapungua kwa kuwa zinapashana joto, na kijikaratasi chake kinasema upunguze wati ngapi. Kazi ikiisha, washa taa juu kabisa kwa saa moja, kisha weka kiganja kwenye bamba. Uvuguvugu ni kawaida. Ukishindwa kuacha kiganja pale, au ukinusa harufu ya plastiki, zima kwenye breka na umwite fundi arudi siku hiyohiyo.